Dawa ya saa nane: uchambuzi wa kisa cha Mjomba aliyepandikizwa figo

## Kabla ya kisa

Majina nimeyaacha. Wilaya sitaitaja zaidi ya kusema iko juu ya Uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara, na hospitali zote zilizomtibu nimezivua majina. Tarehe nimezisogeza. Mgonjwa mwenyewe, binti yake na mjukuu wake wamesomewa maandishi haya na wakakubali yatoke. Mjomba aliomba jambo moja tu: isiandikwe kwamba alilia.

Mimi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Ni mwalimu, si mtu wa tiba. Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza na kutunza daftari la maji, dawa na vipimo. Kosa lililokaribia kuiua figo ile lilitoka kwenye mwandiko wangu, kwa hiyo nisomwe kwa tahadhari hiyo.

## Mgonjwa na ugonjwa

Mjomba ana miaka 61, mwalimu mstaafu, mkulima wa korosho. Shinikizo la damu alikuwa nalo zaidi ya miaka kumi, na dawa zake alizimeza kichwa kikimuuma, basi. Kichwa kikitulia naye anatulia. Kwa magoti yaliyochoka kupanda na kushuka shambani alinunua diklofenaki duka la dawa, na wakati wa kupulizia mikorosho salfa alimeza kila siku. Shinikizo lisilotibiwa huharibu mishipa midogo ya figo taratibu bila maumivu yoyote, na dawa za maumivu za aina ile hupunguza damu inayofika kwenye figo. Vikikutana hivyo viwili kwa miaka, hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Sisi tulimtafuta. Wiki tatu zilipotea huko.

Kilichotustua si miguu iliyovimba, maana miguu ya wazee huvimba. Ilikuwa kwikwi. Ilianza Jumanne jioni na Ijumaa ilikuwa bado ipo, usiku na mchana, mpaka akawa analala ameegemea ukuta. Mdomo ulinuka kama mkojo wa siku mbili. Hospitali ya wilaya walipima kreatini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ikasoma 1,140, wakati mwanaume wa kawaida yuko chini ya 110 hivi. Daktari kijana aliyetupokea aliangalia karatasi, akamwangalia Mjomba, akasema, "Shikamoo mzee. Umekuja kwa miguu yako mwenyewe?" Akaandika rufaa palepale.

## Miezi kumi na minne ya mashine

Mashine za kusafisha damu zilikuwa zimeshafika Mtwara mjini. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa makazi: ama asafiri kutoka kijijini mara tatu kwa wiki, kila kikao saa nne kitandani, ama ahamie mjini. Alikataa kuhama. Mikorosho ataiangalia nani? Mama yangu, ambaye ni mdogo wake kwa kuzaliwa lakini si kwa ukali, alimwambia, "Kaka, mikorosho haina figo." Akahamia kwetu.

Naamini uamuzi ule ndio uliomfikisha kwenye upasuaji akiwa hai. Wagonjwa tuliowaona wakitoka mbali walikuwa wakiruka kikao gari likiharibika au nauli ikikosekana, na baadhi yao vitanda vyao vilipata watu wengine.

Maji aliyoruhusiwa kwa siku yalikuwa nusu lita, pamoja na kiasi cha mkojo aliokojoa jana yake, ambao ulikuwa ukipungua kila mwezi. Kila asubuhi tuliyajaza kwenye chupa moja, na kikombe chake kilikuwa kile kidogo cha bati cha kunywea kahawa. Uji, chai, mchuzi, vyote vilihesabiwa humo. Mtu aliyekulia juu ya uwanda, ambako maji ya mvua huvunwa kwenye visima vya saruji na kufungiwa kwa kufuli, anajua kubana maji. Lakini kubana kwa sababu kisima kimeisha ni tofauti na kubana huku mtungi umejaa mbele yako.

Tukio moja la kipindi hicho lazima niliseme. Jumapili, siku ya pili bila mashine, alikuja jamaa na madafu manne. Huku pwani kila mtu anajua kwamba dafu husafisha figo. Kwa figo nzima sina ugomvi nalo. Kwa figo iliyokufa, dafu ni potasiamu ndani ya kifuu: haina pa kutokea, inajaa kwenye damu na kuulegeza moyo. Mjomba alikunywa mawili kwa siri nyuma ya nyumba. Saa moja usiku alishindwa kuinuka mkekani, miguu kama si yake, na mapigo yake yalikuwa ya kuhesabika kwa uvivu. Potasiamu ilisoma 7.1. Aliwekwa kwenye mashine usiku ule ule. Yule jamaa hakuambiwa mpaka leo. Atajua akisoma hapa, na ajue hatukumlaumu.

## Kikao cha ukoo

Daktari wa figo alisema upandikizaji unawezekana: moyo unastahimili, kifua kikuu hakuna, homa ya ini hakuna. Kinachohitajika ni ndugu. Hapa nchini figo hutolewa na mtu aliye hai, si maiti.

Kikao kilifanyika kijijini, chini ya mwembe. Mzee mmoja aliuliza kama tutauza shamba lote twende India. Nilimweleza kwamba Muhimbili walianza kupandikiza mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma mwaka uliofuata. Safari yetu ni ya basi. Hapo watu walilegea, kisha wakakaza upande mwingine.

Kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ni wa wapwa. Watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Kwa hesabu hiyo figo ilipaswa kutoka kwetu, na kidole kilielekezwa kwa kaka yangu mkubwa kabla hata chai haijamiminwa. Hakuna aliyemuuliza. Alisema, "Sawa, wazee," kwa sauti ya mtu anayepokea jembe.

Maabara ina ukoo wake. Mtoto hubeba nusu ya alama za mwili za baba yake, awe wa ukoo gani. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana naye kabisa. Mpwa, kwa wastani, hubeba robo tu ya alama hizo. Zaidi ya hapo Mjomba ni kundi la damu O, na O hupokea kutoka kwa O peke yake. Mama yangu ni O, lakini ana sukari. Mtoto wa kiume wa Mjomba ni A. Waliobaki O ni kaka yangu na binti wa pili wa Mjomba, mama wa watoto wanne, miaka 38, muuza vitumbua. Nitamwita Binti.

Binti alikuwa amekaa na wanawake nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia kutoka kwake: "Wazee wangu, samahani. Kama mimi si wa ukoo wa baba, mbona akifa nitafiwa?"

Walikwenda kupimwa wote wawili. Hospitali humwita kila mtoaji peke yake, mlango umefungwa, na kumuuliza kama anatoa kwa hiari yake. Kaka yangu alitoka, na baadaye jibu likaja kwa familia kwa neno moja: hafai. Sababu hazikutajwa. Wazee walitaka kujua, wakaambiwa majibu ya mtu ni ya mtu. Mimi sikumuuliza, na sitamuuliza. Ila ninaona kwamba mlango ule uliofungwa ulikuwa na thamani kubwa kuliko kikao kizima, maana ni mahali pekee ambapo mtu angeweza kusema "hapana" bila ukoo kusikia.

Binti alifaa. Mume wake aliitwa, akauliza kama mkewe ataweza kulima na kuzaa, akajibiwa kwamba mtu huishi na figo moja, lakini akibeba mimba tena lazima afuatiliwe kwa karibu kwa sababu ya shinikizo. Alisaini.

## Upasuaji

Tulingoja fedha za korosho. Bima ya mstaafu ilibeba sehemu kubwa ya matibabu, lakini bima hailipi chumba cha kupanga Dar es Salaam wala vitumbua ambavyo havijakaangwa. Malipo ya mnada yaliingia mwezi wa kumi na mbili na upasuaji ukafanyika mwezi wa tatu.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande, na zile za zamani huachwa mahali pake. Mkojo ulitoka siku hiyo hiyo.

Kilichonishangaza ni siku zilizofuata. Muuguzi alimletea jagi, akamwambia anywe lita tatu kwa siku. Mjomba alimtazama kama mtu anayetegwa. Alimimina kidogo kwenye kikombe chake cha bati (alikuwa amesafiri nacho), akanywa nusu, akafunika kilichobaki na sahani. Siku ya tatu nilikuta amejaza chupa mbili na kuzificha chini ya kitanda, akiba. Ilibidi nikae naye, nimimine mimi, anywe mimi nikiangalia. Miezi kumi na minne ilikuwa imemfundisha kwamba maji ni sumu, na hakuna aliyekuwa amepanga namna ya kumfundisha upya.

Na Binti? Aliruhusiwa kabla ya baba yake. Wageni wote waliofika chumbani kwetu walikwenda kwa Mzee. Siku ya kumi na mbili baada ya kukatwa niliingia uani nikamkuta amekaa kwenye mbuzi, mkono mmoja umeshika tumbo, wa pili unakuna nazi. Nilimnyang'anya. Akacheka: "Dada, wageni watakula nini?"

## Kurudi Mtwara

Wiki ya nane tulirudi Mtwara mjini. Kreatini ilikuwa 112. Kliniki ilibaki Dar kila baada ya wiki mbili, kilomita zaidi ya mia tano na hamsini, basi la alfajiri, kulala, kupima asubuhi, kurudi kesho yake.

Likizo yangu ilikuwa imekwisha. Jukumu la dawa lilipokelewa na mjukuu wa Mjomba, kijana wa miaka 19, makini kupita mimi. Nilimwandikia karatasi na kuibandika mlangoni mwa kabati. Takrolimasi, dawa kuu inayouzuia mwili usiishambulie figo ya mtu mwingine, niliiandika kama nilivyoiona kwenye boksi: "8 – 8".

Hospitalini dawa ile ilikuwa ikimezwa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nane ya boksi ilikuwa ya saa za Kizungu. Mimi nilijua, kwa hiyo sikuona haja ya kuandika zaidi. Kijana alisoma nane akaona saa nane. Akaweka kengele mbili kwenye simu: saa nane mchana na saa nane usiku. Mjomba alidhani madaktari wamebadilisha, kama walivyobadilisha mengine mengi, na hakulalamika. Aliamka kila usiku, kikombe cha bati tayari kando ya kitanda, akameza. Hakukosa hata dozi moja.

Kwa mwili wenyewe halikuwa tatizo. Saa kumi na mbili kati ya dozi na dozi zilikuwa zilezile. Tatizo lilikuwa kwenye kipimo. Takrolimasi ina njia nyembamba: ikipungua, mwili unaishambulia figo, ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo na mikono inatetemeka. Ndiyo maana hupimwa katika damu, na damu hutolewa muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, dawa ikiwa imeshuka chini kabisa. Mgonjwa anayemeza saa mbili huja asubuhi bila kumeza, anatolewa damu, kisha anameza.

Mjomba alifika kliniki. Aliulizwa, "Mzee, asubuhi hii umemeza dawa?" Akajibu, "Hapana, sijameza." Ni kweli tupu. Alikuwa amemeza saa sita zilizopita.

Kipimo kikasoma 15.2, juu. Dozi ikapunguzwa. Wiki mbili baadaye 12.8, bado juu kidogo, ikapunguzwa tena. Wiki ya kumi na nne kipimo kikasoma 9, namba nzuri kabisa, na kreatini ikasoma 236. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Hakuna aliyeelewa: dawa iko sawa, figo inakufa. Alilazwa alasiri ile, akapangiwa ultrasaundi na kuchukuliwa kipande cha figo kwa sindano.

## Usiku wa kwanza wodini

Haya nimesimuliwa na Mjomba na muuguzi, na wanapatana.

Jioni muuguzi wa zamu alimuuliza kama amemeza dawa zake. "Ya saa nane nimemeza." Muuguzi akaandika. Dawa zilibaki kwenye mfuko wa rambo wa Mjomba, mwenyewe.

Usiku simu ikalia chini ya mto, kwa nguvu, wodi nzima. Muuguzi alifika na tochi akamkuta Mjomba amekaa ukingoni mwa kitanda, vidonge viko kiganjani, anatafuta kikombe chake gizani.

"Mzee, unameza nini saa hizi?"

"Dawa ya saa nane, mwanangu. Nisamehe kwa kelele."

Muuguzi alizima simu. Kisha, badala ya kumwambia alale, akakaa kwenye kiti na kuuliza tangu lini anameza saa nane. Akaandika ukurasa mzima. Asubuhi daktari alipousoma alipiga hesabu palepale: 9 ile ilikuwa ya saa sita au saba baada ya dozi, na chini kabisa dawa ilikuwa imeshuka kuliko inavyoruhusiwa. Kipande cha figo kilionyesha kwamba mwili ulikuwa umeanza kuikataa.

Alitiwa dawa kali za steroidi kwa mshipa siku tatu, dozi ya takrolimasi ikapandishwa, saa zikarudishwa mbili na mbili.

## Hali ilivyo sasa

Mwaka na miezi kadhaa imepita. Kreatini imekaa karibu na 145; haikurudi 112. Steroidi zilimpandishia sukari, akachoma insulini miezi minne, sasa anatumia vidonge. Maji yake yanachemshwa, chandarua hakikosi, na wakati wa salfa shambani haendi, anaketi mjini akitoa amri kwa simu. Mashine hajairudia.

## Uchambuzi

Watu wengi niliowasimulia husema, "Kumbe kijana hakuelewa." Nakataa. Kijana alisoma Kiswahili kama Kiswahili kinavyosomwa. Namba 8 peke yake, kwa mtu wa Mtwara, ni saa nane. Aliyeandika alijua, aliyesoma hakuwa na njia ya kujua. Kama ningeandika "saa mbili asubuhi, baada ya uji, saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza", kisa hiki kingeishia kwenye jagi la maji. Wakati wa kukabidhiana nilimwonyesha kila kidonge, rangi na idadi yake, lakini sikumwomba anisomee karatasi kwa sauti. Angesema "saa nane" na mimi ningeshtuka.

Swali la kliniki nalo lina mchango wake. "Umemeza asubuhi?" linajibika kwa ukweli na bado likapotosha. "Mara ya mwisho umemeza saa ngapi?" lingegundua mambo wiki ya kumi. Siwalaumu, foleni niliiona. Lakini namba mbili mfululizo zilibadilisha dozi na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyeuliza namba hizo zilizaliwa saa ngapi.

Halafu kuna utii. Tulikuwa tumejiandaa kwa mzee mbishi, yule wa kumeza kichwa kikiuma. Tulimhubiria mpaka akageuka mgonjwa asiyeuliza chochote. Mtu anayeamka saa nane usiku kwa wiki sita bila kuuliza kwa nini, ndiye tuliyemtengeneza. Yule wa zamani angegoma siku ya pili na kumpigia mtu simu.

Yaliyofanya kazi nayaona matatu, na hayalingani uzito. Kuhamia mjini kulimweka hai. Mlango uliofungwa ulitupa mtoaji aliyetoka moyoni. La tatu ni kiti cha yule muuguzi: dakika kumi za kuuliza usiku wa manane, wakati angeweza kuandika "mgonjwa amemeza dawa" na kuendelea na zamu yake.

Bajeti yetu ilikuwa na mistari ya nauli, chumba, chakula na dawa. Mstari wa Binti haukuwepo. Wiki sita asizoruhusiwa kubeba ndoo, miezi miwili bila vitumbua, wateja waliohamia kwa jirani: vyote alivibeba mwenyewe, na ukoo uliokuwa ukibishana figo ni ya nani haukukaa kikao cha pili. Mtoaji anatakiwa kupimwa shinikizo, mkojo na kreatini kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilimpeleka mimi na alikuwa salama. Tarehe ya mwaka huu ilipita mwezi uliopita. Nilipompigia alisema anangoja korosho ziuzwe, kisha akauliza kama baba amemeza dawa yake ya saa mbili.